Figili Ndani ya Hodhi

Kamisawa, Akita
19 Septemba

Mdogo wangu Eikichi,

Salamu kutoka milimani. Mpunga umeinama na asubuhi imeanza kuwa na ubaridi. Mzee Sugawara, jirani yangu, ameshavuna wake na sasa anazunguka kijijini akiuliza nani bado, kama kawaida yake. Mimi nimebaki na kile kipande cha nyuma ya nyumba, figili na kabichi tu. Figili za mwaka huu zina miguu mizuri kuliko yangu. Michiyo hajambo? Mwambie matunda ya mti wangu wa kaki ni madogo lakini nitayakausha, na fungu lake lipo.

Sasa sikia. Wiki ijayo anakuja mtu wa halmashauri kunikagua. Muda wangu wa huduma umeisha na wanataka kuona kama bado nastahili. Bi Nozue unamjua, yule msaidizi anayekuja Jumanne na Ijumaa kuniingiza kwenye hodhi la kuogea, kunisugua mgongo, kupiga deki na kuninunulia vitu vizito. Halafu kuna kibasi cha kituo cha wazee kila Jumatano. Dereva nimemwambia anisubiri kule hekaluni, asije mlangoni, watu wasije wakasema Kinue anabebwa. Sugawara akiniona nashuka njiani na mkongojo ananiambia safari njema, mshenzi yule.

Mwanangu Noriaki alinipigia simu, akapiga kelele hadi nikasikia. Anasema siku nikishindwa kukaa peke yangu atanihamishia Saitama, kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, ghorofa ya tano. Chumba ameshakwenda kukiona. Kwa hiyo nimeamua huyo mkaguzi atamkuta mtu anayeweza. Saluni nimeshaweka zamu, kimono ya kijivu nimeitoa, na kila asubuhi nafanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja nikishika sinki. Mlango huu niliingilia nikiwa bibi harusi na jeneza la mume wangu lilitokea hapohapo. Mimi nami nitatokea hapohapo, tena nikiwa nimebebwa, miguu mbele.

Dada yako,
Kinue


Kochi
25 Septemba

Dada Kinue,

Watu huandika "hofu ni juu yako" kwa mazoea. Mimi leo naandika nikimaanisha.

Huku kimbunga kimepita, kimeondoka na vigae vichache na banda la kuku la jirani. Ndimu zangu za yuzu zimeshikilia miti, zitakuwa nyingi. Michiyo hajambo, anakusalimu sana.

Dada, umelishika jambo kichwa chini miguu juu. Mkaguzi haji kuwafukuza wanaoshindwa. Anakuja kupima mtu anashindwa nini ili asaidiwe hicho. Ukimwonyesha unaweza kila kitu, Bi Nozue ataondolewa, kibasi kitakoma, na ndipo Noriaki atakapopata sababu. Kinachokuweka kwenye nyumba hiyo ni ule msaada. Kimono haitakuweka.

Nakuomba usiende saluni. Vyombo viache kwenye sinki. Akikuuliza kama unaingia kwenye hodhi mwenyewe, mwambie huwezi. Najua wewe ni nani: ulipokuwa na homa ya mapafu utotoni, daktari alifika akakukuta unafagia uwanja, akageuza baiskeli yake. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Ningekuja mwenyewe nikae pembeni yako, ila siku hizi nimebanwa kidogo. Nitakuja kabla ya theluji.

Eikichi


Kamisawa
6 Oktoba

Eikichi,

Barua yako ilifika siku moja baada ya mkaguzi kuondoka. Posta ya siku hizi inatembea kama mimi. Lakini usijali, kama ungekuwepo ungejivunia dada yako.

Alikuwa mwanamke, Bi Isobe, ana umri wa kuwa binti yangu, mpole, viatu alivipanga vizuri mlangoni. Aliniuliza nimezaliwa lini, nikamwambia, nikaongeza na mwaka wa utawala wa mfalme. Akaniuliza sasa ni majira gani, nikamwambia atazame dirishani, kaki zinaning'inia. Akasema ninyanyue mikono, nikainyanyua kama waliotangaziwa ushindi. Akasema nisimame kwa mguu mmoja nikitaka, si lazima. Nikasimama. Kisha nikaenda jikoni mwenyewe, nikamletea chai na figili zangu za chumvi, nikapiga magoti kumwekea. Alipouliza habari za kuoga nikasema naoga kila jioni, peke yangu. Na Bi Nozue je? Nikasema yule anakuja tunapiga soga.

Akaniambia, "Bibi Kinue, wewe una nguvu kuliko mama yangu." Nikampa na kaki za kuondoka nazo.

Alipoondoka nilijipumzisha sakafuni kidogo. Sugawara alikuja na lozi za msituni akanikuta nimelala pale na kimono yangu, akanisaidia kukaa. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia natazama dari, lina utando.

Mwambie Michiyo kaki zake zimeanza kuwa tamu.

Kinue


Kochi
15 Oktoba

Dada,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila nikifika pale sakafuni moyo unashuka. Ulilala muda gani? Ulishindwa kuinuka?

Michiyo hajambo, anakusalimu sana.

Majibu ya halmashauri yakija, nijulishe siku hiyohiyo. Usiyaweke chini ya mto kwanza kama unavyofanya na kila kitu usichokipenda.

Eikichi


Kamisawa
12 Novemba

Mdogo wangu,

Theluji ya kwanza imeanguka jana, nyembamba, ikayeyuka kabla ya mchana. Sugawara amefunga miti yake kamba isivunjwe na theluji. Mke wake ana mafua. Kabichi nimezing'oa, nimezipanga barazani.

Majibu yamekuja. Wameona najiweza, kwa hiyo siko tena kwenye ngazi yoyote ya huduma. Bi Nozue anaishia mwezi huu, na kibasi pia. Wewe ulishasema, haya, umeshinda. Usinirudishie maneno yangu, nina mengine ya kutosha kunitafuna.

Ijumaa Bi Nozue alinisugua mgongo muda mrefu kuliko siku zote. Aliponivika aliniambia, "Bibi, nilikwambia usisimame kwa mguu mmoja." Kweli aliniambia. Nilidhani anaonea wivu mguu wangu.

Noriaki usimwambie. Nimeapa nitaoga mwenyewe, nitajikaza kisabuni. Watu wa zamani walikuwa wanaogeshwa na nani?

Kinue


Kochi
22 Novemba

Dada Kinue,

Sikurudishii maneno. Nimeogopa, basi.

Nimempigia mtu wa halmashauri yenu. Amesema hali ya mtu ikibadilika anaweza kuombewa ukaguzi mpya, hata na ndugu. Amekuwa mwungwana, akaniuliza, je, hali imebadilika? Barua zako zote zinasema uko salama. Nikamwambia nitakuuliza. Kwa hiyo nakuuliza: unaoga vipi? Nani anakununulia mchele?

Noriaki sitamwambia, lakini ukinificha na mimi nitamwambia. Nakutumia yuzu kwa ajili ya siku fupi kuliko zote, uogee nazo kama tulivyooga kwa mama. Nikimaliza kuvuna nitakuja.

Michiyo hajambo, anakusalimu sana.

Eikichi


Kamisawa
26 Desemba

Eikichi,

Theluji imefika usawa wa dirisha. Sugawara anakuja na koleo lake kunifungulia njia hadi barabarani, anataka malipo ya chai na kunisema. Kichanja changu cha nyuma, nilikozoea kuweka mboga, siwezi kukifikia tena, lakini mboga nimezihifadhi mahali pazuri penye ubaridi.

Yuzu zimefika, ahsante. Nilioga nazo siku ile fupi, maji yalinukia nyumba nzima, nikakaa humo hadi vidole vikakunjamana. Mchele ananiletea Sugawara. Umeridhika?

Sasa na mimi nikuulize. Miaka yote tangu ulipoolewa huko kusini (usinune, mwanamume aliyehamia kwa wakwe na kuchukua jina lao ameolewa, sina neno lingine) Michiyo ndiye anayefunga yuzu, kila moja kwenye gazeti lake, na juu anaweka kikaratasi cha mstari mmoja. Safari hii zimetupwa ovyo kama viazi, na kikaratasi hakuna. Naye kila barua "hajambo, anakusalimu sana," maneno yaleyale, mwandiko wako. Mwambie aniandikie mwenyewe.

Na wewe umekuwa ukija tangu Septemba. Unakuja kwa magoti?

Kinue


Kochi
24 Januari

Dada,

Sijapata barua yako nyingine. Redio inataja theluji ya Akita kila asubuhi. Nilimpigia Sugawara. Anasema moshi anauona, na mlangoni unamfungulia nusu tu na unazungumza naye ukiwa umejifunika shuka hadi kidevuni. Nikamwuliza kama uko mzima. Akasema, "Siku hizi dada yako hanukii vizuri." Nikamwuliza maana yake nini. Akasema ana theluji ya kuondoa, akakata.

Nimeomba ukaguzi mpya. Nimesema hali imebadilika, bila kuijua. Atakuja Bi Isobe yuleyule, Februari. Safari hii nakusihi, dada, kwa mifupa ya mama, kaa ulivyo. Nikisikia wamekukuta na theluji juu ya kifua, nitaishi vipi na hizi barua?

Kuhusu Michiyo, mikono inamuuma, hawezi kushika kalamu. Hajambo.

Eikichi


Kamisawa
17 Februari

Mdogo wangu Eikichi,

Barua hii ni ndefu, tafuta pa kukaa.

Sugawara hajambo, mke wake amepona. Paa limeshushwa theluji na vijana wa zimamoto. Hayo ndiyo ya salamu.

Ulipoandika "kaa ulivyo" nilikasirika, nikaenda kutengeneza nywele. Sugawara alinivuta kwa kigari cha theluji hadi kwa mtengeneza nywele, nimekaa juu kama gunia. Bi Isobe alipokuja nilikuwa nimevaa ile ile ya kijivu, nimejipaka manukato mengi, sababu utaijua. Maswali yakaanza. Najiweza, nikasema. Naoga, nikasema. Mikono nikanyanyua. Uso wake niliuona umekaa vibaya, kama mtu anayetaka umsaidie naye hawezi kuomba. Mguu mmoja hakuniambia nisimame, nikasimama hivyo hivyo, nikashika ukuta.

Halafu nikaleta figili za chumvi. Alipotafuna akaniuliza, kwa kweli aliuliza kwa tamaa, si kwa ukaguzi, ninapata wapi figili mbichi hivi na theluji imeziba kila kitu, maana za kwake zimekuwa sponji. Eikichi, unanijua. Mtu akisifu figili zangu akili inanitoka. Nikamwambia njoo uone, siri ni ubaridi usioganda. Nikamtangulia kwenye korido, nikafungua mlango wa bafu mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Hodhi lilikuwa limejaa. Figili chini, zimelazwa kwenye mchanga, kabichi juu, na pembeni yuzu zako, zimekauka. Nilikuwa nimeanza kumweleza mchanga ninavyoulowesha. Ndipo nami nikaona nilichomwonyesha.

Akaniuliza taratibu, "Bibi Kinue, na wewe unaogea wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri tu, kwamba nakwenda chemchemi ya maji moto na Sugawara. Lakini nilikuwa nimechoka kushika ukuta. Nikamwambia, "Siogi, mwanangu. Mguu haupandi ukingo."

Basi nikakaa kwenye kile kigoda cha bafuni na nikamwambia yote, na wewe nakuambia. Wiki ya kwanza bila Bi Nozue nilijaribu. Nikateleza, nikaangukia ndani, hodhi likiwa tupu, na sikuweza kutoka. Niligonga ukuta kwa kata ya maji hadi mke wa Sugawara akasikia. Alinikuta uchi, Eikichi, yeye na mumewe, mumewe akanibeba kafumba macho. Niliwaapisha wasiseme. Tangu siku hiyo najifuta kwa taulo, pale ninapofika. Mgongoni sifiki. Ndiyo maana ya shuka hadi kidevuni. Figili nilizitia humo kwa sababu kichanja sikifikii, na pia, niseme ukweli, ili nikipita nione ghala la mboga, nisione lile hodhi.

Bi Isobe alilia kidogo, akajifanya ni mafua. Mimi sikulia, nilikuwa na aibu tu, halafu nikasikia wepesi. Hakuna kilichoniua. Akaniomba nimwonyeshe ninavyoinuka sakafuni, nikamwonyesha kweli, nikishika hiki na kile. Ilichukua muda na hakunisaidia, akaangalia mpaka mwisho. Ameondoka na figili mbili.

Sijui watasema nini. Wakisema bado najiweza, Noriaki ataambiwa na nitapanda hiyo ghorofa ya tano. Silali vizuri.

Sasa zamu yako. Umeniimbia mficha ugonjwa miezi yote hii, lakini nyani haoni kundule. Mikono ya Michiyo haiumwi. Mwaka juzi aliniandikia kwamba umeme ukikatika anashona gizani. Nimefungua mlango wangu wa bafu. Fungua wako.

Dada yako,
Kinue


Kochi
5 Machi

Dada,

Barua yako niliisomea bandani, kwenye makreti ya yuzu, ili asinione.

Michiyo amepotewa na mambo. Ilianza mwaka jana wakati wa kupanda mpunga. Kwanza majina, halafu sufuria jikoni, sasa njia ya nyumbani. Wewe anakukumbuka, anauliza kama Kinue ameolewa. Yuzu nilimpa azifunge kama zamani, akazifungua zote nilizofunga, akanipangia sakafuni, akafurahi. Nikazitia kwenye boksi ovyo kwa haraka kabla hajaamka. Viatu vyake nimevificha. Mlango wa mbele naufunga kwa waya. Ndiyo sababu siji, dada. Siwezi kumwacha hata nikanunue tofu.

Hakuna anayejua. Yeye ndiye mwenye ardhi hii na jina hili, mimi nililetwa. Nikiita watu wa halmashauri, ukoo wake watasema mgeni ameshindwa kumtunza mwenye nyumba. Hivyo nimeficha, na huku nikikuandikia wewe usifiche. Kila nilipoandika "hajambo" mkono wangu mmoja ulikuwa umemshika yeye asitoke. Hilo ndilo lilikuwa kweli kuhusu mikono.

Niliposoma umegonga ukuta kwa kata ya maji nilijiuliza Michiyo akianguka nikiwa shambani atagonga nini. Jana nimepiga simu. Mkaguzi anakuja Alhamisi.

Naogopa, Kinue. Niandikie kabla.

Eikichi


Kochi
13 Machi

Dada,

Barua yako haijafika na Alhamisi imepita.

Nilikuwa nimepiga deki, nimevaa tai. Michiyo nimemvika lile koti la bluu la harusi ya mpwa wake na nikamfundisha asubuhi nzima tarehe, alijua. Gari likasimama nje. Nikatazama kwenye kioo cha mlangoni nikajiona, mzee wa tai, nafungua waya.

Nikaivua tai. Nikaurudisha ule waya ulivyokuwa, nikamwita mkaguzi kutoka ndani. Nikamwambia, "Subiri kidogo, uone ninavyofungua." Aliona.

Eikichi


Kamisawa
9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zilifika kwa pamoja, na hii yangu naona itakukuta umeshapita mtihani. Posta hii. Ukoo wa Michiyo wakisema, waambie waje wao wafunge huo waya.

Theluji imebaki kivulini tu. Mboga za mwituni zimetokeza mtoni, Sugawara ameniletea, na kunisema pia. Noriaki nimempigia mwenyewe, nimemwambia yote, pamoja na kuanguka. Akasema chumba cha Saitama atakiacha kwa sasa. Kwa sasa, alisema. Hofu haijaisha, ila sasa tunaigawana.

Majibu nayo yamekuja, nimewekwa ngazi ya juu kuliko ile ya zamani. Nilipofungua nilichukia kidogo, ndivyo nilivyo, mtu hapendi kuandikwa kwamba ameshindwa. Kibasi kimerudi, na sasa kinasimama mlangoni. Wametia na vyuma vya kushikia ukutani. Jumanne Bi Nozue alifika, akavua soksi, akakunja mikono ya shati, naye akakutana na mtihani wake: kwanza tuhamishe figili. Zilizobaki tumezitia chumvi zote. Akasugua hodhi, akatia maji, akanishika kwapani.

Maji yalipofika shingoni nililia, Eikichi, kwa sauti, kama mtoto. Bi Nozue akaendelea kunisugua mgongo. Aliusugua mara mbili.

Sugawara ameniambia ulimpigia simu, kwamba wamempa Michiyo siku za kukaa kituoni ili upumue. Usije peke yako. Mlete. Atauliza kama nimeolewa, nitamwambia bado, nitafutie mume. Nitamwogesha na Bi Nozue, kisha nitaoga mimi, na wewe uliyeolewa utaoga mwisho.

Hodhi ni tupu. Njooni.

Kinue